Kilomita ngapi kutoka mpakani?

Mwanangu,

Barua hii nimeikunja ndani ya shati lako la bluu, maana kila nikikukalisha tuzungumze unatazama simu. Nataka jibu moja tu: hilo shamba la Israeli unakokwenda kufanya kazi liko kilomita ngapi kutoka mpaka wa Gaza? Wakala wako anasema ni mbali. Mbali ndiyo ngapi?

Jirani alinifungulia ramani. Nikaweka kidole gumba, kikaifunika Gaza yote pamoja na mashamba ya ng'ambo yake.

Dola 1,500 kwa mwezi ni pesa, sikatai. Lakini baada ya Hamas kushambulia 7 Oktoba 2023, maelfu ya vibarua wa Thailand walirudi kwao, Wapalestina wakazuiwa kuingia kazini, na wenye vijiji vile vya mpakani wakahamishwa na watoto wao. Mazao yakakosa wa kuyavuna, ndipo wakatafutwa vijana wetu. Wale vijana wawili wa Tanzania waliouawa siku hiyo walikwenda kujifunza kilimo tu. Mmoja wao, mwili wake ulipatikana Novemba 2025, miaka miwili baadaye. Na usiniambie kaskazini ni salama: Machi 2024, pale Margaliot, karibu na mpaka wa Lebanon, kombora kutoka Lebanon lilimuua kibarua wa Kihindi katikati ya miti ya matunda.

Babu yako alichukuliwa 1942, vita vya Hitla, akakate mkonge. Wajapani walikuwa wameteka Ufilipino na Indonesia, kamba zikawa adimu. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Wewe umeulizwa, ukatia sahihi bila hata kuniambia.

Kazi unaiweza, hilo sina wasiwasi nalo. Tangu utotoni ukishika jembe huliachi mpaka tuta liishe. Na najua unalosema moyoni, kwamba shamba la Mazeras lingekuwepo ungelima letu. Dadako alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo, na mnunuzi alikuja na pesa mkononi. Ningekungoja ufunge shule kwanza, ndipo niuze.

Paspoti yako usimwachie mtu. Uliza chumba cha kujificha kiko wapi kabla hujauliza kitanda.

Bati la jikoni, upande wa mwembe, bado linavuja. Fundi anataka elfu tatu, nimemwambia angoje. Mshahara wa kwanza nunua koti, usitume wote.

Ukifika, kabla ya picha, nitumie jina la kijiji, jirani anipimie. Mahamri yamo kwenye mfuko wa kaki. Ya juu ndiyo yenye iliki nyingi.

Mamako