Faiba ikichelewa, mteja alipwe kwa kila siku

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwasemee wateja wanaolipia intaneti ya faiba (waya mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga) nyumbani, wakakaa wiki tatu au mwezi bila kumwona fundi, na mwishowe wakaletewa ujumbe mfupi kwamba ombi lao limefutwa "kwa sababu za kiufundi". Sisi ni mafundi wa kuvuta na kuunganisha faiba hapa Mombasa. Kazi hii tunaijua kuanzia nguzoni hadi sebuleni, na tunasema wazi kwamba nyingi ya hizo sababu za kiufundi kampuni inaweza kuzijua kabla haijapokea hata shilingi moja. Kwa hivyo hasara ya kuchelewa isimwangukie mteja.

Chukua sababu inayotajwa sana, ile ya kisanduku kujaa. Kwenye nguzo iliyo karibu na nyumba huwa pana kisanduku cha plastiki ambamo faiba moja hugawanywa. Ukikifungua unakuta matundu 8, pengine 16, ya rangi ya kijani, kila tundu nyumba yake. Yote yakishikwa, nyumba inayofuata haina pa kuingia. Kuyahesabu hakuhitaji mtu kupanda ngazi, kwa kuwa mtambo wa kampuni huona kila kifaa cha mteja kilichowaka na kilichozimika. Tena mara nyingi kisanduku hakijajaa kweli. Wapangaji wawili walihama mwaka jana, nyaya zao bado zimechomekwa, na hakuna aliyetumwa kuzitoa. Kuhakikisha kwamba waya fulani hautumiki tena, kuuchomoa na kuchomeka wa mteja mpya ni kazi ya dakika 10. Badala yake mteja mpya huambiwa asubiri "upanuzi wa mtandao".

Umbali nao hupimika kabla ya malipo. Ule waya mwembamba unaotoka kisandukuni hadi nyumbani, kampuni nyingi huukubali hadi mita 150 au 200. Si kwamba mwanga huishia njiani, maana katika kilomita nzima faiba hupoteza chini ya nusu desibeli, kipimo cha kupungua kwa mwanga. Tatizo ni uzito wa waya unaoning'inia, nguzo za kuushikilia na gharama ya kuuvuta. Kinachokula mwanga hasa ni kuugawa: kuugawa mara 8 tu hupunguza takriban desibeli 10. Kisha huongezeka kiunganishi kilichokatwa vibaya, au waya uliokunjwa kwenye pembe ya dirisha kama karatasi. Ndiyo maana tunamshauri mteja amwombe fundi amwonyeshe kipimo cha mwanga na akipige picha kabla ya kusaini. Kikiwa kati ya hasi 15 na hasi 25 dBm (nguvu ya mwanga kwa desibeli), kazi ni nzuri. Kikishuka kupita hasi 27, kifaa kinaweza kuwaka leo na kesho taa nyekundu ikawa inamweka. Kazi ya namna hiyo haijakamilika, na siku za kuchelewa ziendelee kuhesabiwa hata kama kuna karatasi iliyosainiwa.

Kuna maneno mawili ambayo kila anayelipia faiba anapaswa kuyajua: "mteja hakupatikana". Fundi wa kandarasi aghalabu halipwi kwa siku. Hulipwa kwa nyumba iliyowaka, yaani iliyounganishwa na kupata intaneti. Nyumba ya orofa ya nne inayotaka waya wa mita 180 humlipa sawasawa na duka lililo chini ya nguzo, basi ile ngumu husogezwa mbele, na ili asihesabiwe kuchelewa, kwenye rekodi huandikwa kwamba mteja hakupatikana. Kuanzia hapo lawama imeshamhamia mteja, naye hana habari. Siku atakapodai fidia, ataonyeshwa rekodi hiyo. Tunajua kwamba baadhi ya wenzetu watakasirika tukilisema hili hadharani, lakini ndivyo kazi inavyokwenda, na chanzo chake ni namna kandarasi zinavyolipwa.

Dawa yake ni mteja kuwahi kuandika. Ahadi ikiwa ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, saa 7 ikipita bila mtu, atume ujumbe kwa anwani au nambari rasmi ya huduma, si kwa simu ya wakala aliyemuuzia. Aandike hivi: "Leo tarehe fulani nilikuwa nyumbani kuanzia saa 3 hadi saa 7. Hakuna fundi aliyefika wala aliyepiga simu. Nambari ya ombi langu ni hii." Aambatishe picha ya orodha ya simu zilizoingia siku hiyo. Ujumbe huo mmoja una nguvu kuliko simu 20 za kulalamika, kwa sababu simu haziachi maandishi mkononi mwa mteja.

Tuseme na upande wa pili. Zipo siku za kuchelewa ambazo si za kampuni. Mwenye nyumba akikataa ukuta kutobolewa, au msimamizi wa jengo akizuia mafundi langoni, kampuni haina kosa. Mteja apate ruhusa kwa maandishi kabla ya kulipa, itaje waya utapita wapi na tundu litatobolewa ukuta upi. Kuvuka barabara au kupitisha waya kwenye nguzo za umeme ni jambo jingine. Hivyo vibali ni vya kampuni kutafuta, na eneo lisilo na kibali lisiuzwe.

Uingereza wamelitatua jambo hili kwa njia inayofaa kutazamwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2019, chini ya Ofcom, msimamizi wa mawasiliano huko, kampuni zilizojiunga na mpango wa fidia ya moja kwa moja hulipa pauni kwa kila siku huduma mpya inayochelewa kupita tarehe iliyoahidiwa. Mpango ulianza na pauni 5 kwa siku hiyo ya kuchelewa, pauni 25 kwa fundi asiyefika au miadi iliyofutwa chini ya saa 24 kabla, na pauni 8 kwa kila siku ya hitilafu isiyotengenezwa baada ya siku 2 za kazi. Viwango hivyo vimekuwa vikipandishwa. Kinachotuvutia zaidi ni kwamba mteja haombi: pesa huingizwa kwenye akaunti yake yenyewe. Na kampuni iliyomuuzia huduma ndiyo inayolipa hata kama nyaya ni za kampuni nyingine. Huku kwetu mteja hurushwa kama mpira kati ya wakala, mkandarasi na mwenye mtandao.

Kwetu, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma ya ubora unaofaa, haki ya taarifa anazozihitaji, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Haki ipo. Kinachokosekana ni kiwango cha kila siku. Kwa hivyo mteja analazimika kuipigania mwenyewe, na tungependa aipiganie kwa mpango.

Kwanza, pesa zote zipitie nambari ya malipo ya kampuni, kamwe si simu ya wakala, na ujumbe wa M-Pesa asiufute. Pili, kabla ya kulipa, wakala aandike kwa ujumbe tarehe ya kuwashwa na mwezi wa kwanza unaanza kuhesabiwa lini. Hili la pili wengi hawaliulizi, kisha wanakuta mwezi umeanza siku waliyolipa na nusu yake imekwisha kabla waya haujafika. Tarehe ikipita, malalamiko yaende kwa kampuni kwa maandishi, yapewe nambari, na yataje kiasi kinachodaiwa pamoja na siku ya mwisho ya kujibu. Siku 7 zinatosha.

Kiasi hicho kihesabiwe, kisikisiwe. Tuseme mtu alilipa shilingi 3,000 za mwezi wa kwanza na 2,000 za kuunganishwa, akaahidiwa siku 7, na siku ya 28 ombi likafutwa. Anarudishiwa 5,000 zote. Kuanzia siku ya 8 hadi ya 28 ni siku 21. Ikiwa alinunua data ya simu ya shilingi 100 kila siku, na ujumbe wa manunuzi anao, hizo ni 2,100. Ikiwa alikosa kazi siku mbili akimngoja fundi, ujira wa siku hizo uongezwe kwa barua ya mwajiri au kitabu cha mauzo. Hasira na usumbufu asivitie bei kwenye barua hiyo, kwa sababu kampuni itavishika hivyo na kuiacha 7,100 yenye risiti.

Kampuni ikinyamaza, malalamiko yapelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya pamoja na nakala za yote hayo. Mamlaka itataka kuona kwanza kwamba kampuni ilipewa nafasi ya kujibu. Njia nyingine ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Anayeshtakiwa awe kampuni iliyopokea pesa, kwa jina lake la usajili, si wakala wala mkandarasi. Kesi yenye jina lisilo sahihi huchelewa kuliko faiba yenyewe.

Ombi letu kwa Mamlaka ni masharti ya leseni yaweke kiwango cha fidia kwa kila siku ya kuchelewa, na kingine kwa fundi asiyefika, vyote vilipwe bila mteja kuomba. Kampuni isipokee malipo kabla ya kumtengea mteja tundu lake. Stakabadhi ya sasa huwa na jina, nambari ya simu na kiasi kilicholipwa. Iongezewe mistari miwili: kisanduku gani na tundu la ngapi, na tarehe ya kuwashwa.

Mafundi wa faiba,
Mombasa