Barua kwa mwanangu aliyeporwa mchezo

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa kwenye basi narudi kutoka zamu ya usiku, nikapitiliza kituo. Nimeumia nawe. Mchezo mmeubuni wawili, mkakesha nao barazani kwa nyanya yako, kisha mwenzako akaupeleka mashindanoni kwa jina lake peke yake. Sikwambii usahau. Ila hilo la kuapa kwamba hutashika tena karatasi wala dadu, mimi mama yako silikubali.

Huku Minnesota ninakohangaikia riziki ndiko alikozaliwa Dave Arneson, mwaka 1947, mmoja wa wawili waliobuni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji hushika nafasi ya mtu mmoja ndani ya hadithi. Alisoma historia chuo kikuu, na alipenda michezo ya vita ya mezani, ile ya kusogeza vijiaskari. Mwaka 1969 mchezaji mwenzake, David Wesely, aliwaandalia yeye na rafiki zao mchezo wa namna nyingine: mtu haongozi jeshi, anapewa nafasi ya mtu mmoja ndani ya mji, mwenye haja zake. Arneson akalishika wazo hilo akalipeleka mbali. Kufikia 1971, katika chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wake, aliweka ngome ya kuchezea mezani, nchi yake akaiita Blackmoor, akawaambia rafiki zake washuke kwenye mahandaki yaliyo chini ya ngome wakaone kuna nini.

Hapa soma taratibu, maana wewe ni fundi. Mwanzoni dadu ikikuangukia vibaya mara moja tu, mtu wako amekufa. Wachezaji hawakuridhika, walikwisha wapenda watu wao. Arneson alikuwa na kanuni za mapigano ya manowari za chuma za karne ya 19, na humo meli haizami kwa kombora moja: ina kiasi chake cha kustahimili, na ina ugumu wa deraya yake. Akavichukua vipimo vile vya meli akawavika binadamu. Pigo likawa linapunguza uhai, haliukati. Ule mstari unaopungua kwenye michezo ya simu yako, mwanangu, ukoo wake ni huo. Nilipolielewa hili nilikaa kimya kitambo. Kijana amesikiliza malalamiko ya wenzake, akafungua daftari la jambo jingine kabisa, jibu akalikuta humo.

Mwaka 1972 akaenda kumwonyesha mchezo huo Gary Gygax, mtunzi mwenzake wa michezo ya vita, kule Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Na hapa nitakuwa mkweli kwako. Arneson alikuwa na maandishi ya hapa na pale, mengi aliyabeba kichwani. Aliyekaa kwenye taipureta akayapanga, akaongeza yake, akatafuta njia ya kuyachapisha, ni Gygax. Dungeons & Dragons ilitoka 1974: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000, na majina yao wote wawili. Siwezi kumwita Gygax mwizi. Bila yeye huenda mchezo ungebaki kule chini ya nyumba. Lakini lilipokuja toleo jipya, jina la Arneson halikuwa kwenye jalada. Alikuwa amejiunga na kampuni ya Gygax iliyouchapisha mchezo mwaka 1976, na mwaka huohuo akaondoka. Mwaka 1979 akaenda mahakamani kudai mirabaha na heshima yake, na 1981 wakapatana nje ya mahakama.

Hakususa. Alitunga michezo mingine, na tangu 1999 akawa anafundisha utunzi wa michezo katika chuo cha Full Sail, Florida, karibu miaka kumi. Nawafikiria wale vijana waliokaa mbele ya mtu aliyefungua mlango ule wa ngome, naye anawasahihishia kanuni zao moja moja. Saratani ilimchukua Aprili 2009, mwaka mmoja baada ya Gygax kufariki.

Basi nisikilize. Kaa chini uandike kanuni zote, hata zile mnazozijua kwa mdomo tu. Weka tarehe. Andika majina yote mawili, lako na la mwenzako, maana naye alikesha. Kisha umwendee ukiwa na mjomba wako, mzungumze kwa upole, atie sahihi mbele yake. Akikataa, unipigie simu usiku wowote.

Kuna jirani anasafiri kuja Mombasa mwezi ujao, nimempa dadu za nyuso 20, nne, zimo ndani ya soksi. Naye akirudi, mpe nakala ya kanuni zenu. Kazini tuna mapumziko ya nusu saa saa tisa ya usiku, na wenzangu wawili wamekwisha sema watacheza.

Mama yako akupendaye