Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Tufundisheni Kabla ya Kutukabidhi Vitabu vya Kale vya Sheria

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: MAFUNZO YA WAKUTUBI CHIPUKIZI ULIYOTUAHIDI

Kwa heshima na taadhima ninakuandikia hadharani, kwa kuwa barua tatu nilizokuletea kupitia kwa msimamizi wangu hazikujibiwa, na kwa lililotokea Jumanne iliyopita siwezi tena kunyamaza.

Wakili mmoja alifika akitaka Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1915, sheria ya ardhi ya wakati wa ukoloni wa Waingereza, maana kesi yake inahusu shamba lililokodishwa kwa miaka 999 chini ya sheria hiyo. Mwenzangu, ambaye ana miezi mitatu tu kazini, alipanda ngazi, akatia kidole juu ya mgongo wa kitabu na kukivuta, kama sote tunavyovuta vitabu vingine. Ngozi ilichanika na kipande kikabaki mkononi mwake, vidole vikiwa vimejaa vumbi jekundu. Kwa hofu alichukua seloteipu akaubandika mgongo ule, kisha akabandika na ukurasa uliokuwa umelegea, ambao mtu wa zamani aliuandikia maelezo ya wino pembeni. Alipojaribu kuibandua, maneno mawili yaling'oka nayo. Jana amepewa barua ya onyo.

Nauliza, Mheshimiwa: anaonywaje kwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha?

Lile vumbi jekundu ni ngozi inayooza, ugonjwa wa majalada mengi yaliyotengenezwa kuanzia karne ya 19, na hewa chafu ya mjini huuzidisha. Kitabu cha namna hiyo hakivutwi kwa juu. Unasukuma vya kushoto na kulia vikarudi nyuma kidogo, ndipo unakishika katikati. Gundi ya seloteipu hupenya karatasi na kuigeuza manjano. Hata glavu za pamba, ambazo wengi huzidhania kuwa ndizo heshima, huzuia vidole kuhisi ukurasa, nao ukararuka kwa urahisi. Mikono safi na mikavu ni bora. Haya niliyajua kwa kulipia masomo kutoka mfukoni mwangu, katika mwezi ambao nilichelewesha kodi ya nyumba, na bado najua machache mno.

Wapo wanaosema vitabu hivyo vimepitwa na wakati. Lakini Sheria ya India ya Uhamishaji wa Mali ya mwaka 1882 ilitumika hapa kwetu Kenya hadi mwaka 2012. Katiba ya 2010 iliwapunguzia wasio raia ukodishaji wa ardhi hadi miaka 99, na anayetaka kujua walikuwa na haki gani kabla ya hapo hana budi kurudi kwenye juzuu zile zile. Mkutubi asiyefundishwa huliona juzuu la zamani, akaliona na jipya, akaliweka la zamani kwenye sanduku la vya kutupwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuliopoa moja humo, likiwa na maelezo ya wino kurasa nzima.

Mwezi Machi mwaka jana ulisimama mbele yetu ukasema kwamba kabla ya mwaka kwisha kila mkutubi mpya angepata mafunzo ya vitabu adimu. Tulikupigia makofi. Nadhani fedha zilielekezwa kwenye mashine za kunakili kurasa kwa kompyuta, jambo jema, ila hata mashine hiyo huhitaji mkono unaojua kitabu kifunguliwe kiasi gani kabla mgongo haujavunjika.

Huko Marekani, jimboni Virginia, iko Rare Book School, yaani shule ya vitabu adimu, iliyoanzishwa mwaka 1983, ambako wakutubi husoma kwa siku chache tu, wakiwa na vitabu vyenyewe mikononi, na vitabu vya sheria vimewahi kuwa na somo lake. Sikuombi utupeleke Virginia. Ninaomba wiki mbili, hapa hapa Nairobi, pamoja na fundi mmoja wa majalada na mkutubi mmoja mkongwe anayezijua sheria za kikoloni. Ikiwa wiki mbili ni nyingi, basi iwe moja. Ikiwa hata hiyo haiwezekani, tupe siku tatu, mradi ziwe kabla ya wanagenzi wapya kuripoti mwezi Agosti na kukabidhiwa funguo za chumba cha vitabu hivyo vya kale.

Na ile barua ya onyo, Mheshimiwa, tafadhali iondolewe katika faili la mwenzangu.

Wako mtiifu,
Mkutubi, Nairobi