Asha, hiyo diski irudishe kabatini

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Asha,

Salaam nyingi. Huku wote wazima, mama anakusalimu, na Mwanahamisi amejifungua salama mtoto wa kiume, mengine atakupigia simu akueleze mwenyewe. Nimeiona picha uliyonitumia kutoka dukani nikaona hili si la kujibu kwa vimeseji.

Wallahi usiinunue hiyo. Najua bei ni nzuri, najua kasha halina hata mkwaruzo, na nimefurahi mno kwamba umekwenda hadi Nakano Broadway, yale maduka ya Tokyo, kwa ajili yangu na mvua yote hiyo. Lakini hiyo ni DVD ya 2002 ya Spirited Away, ile filamu ya katuni ya studio ya Ghibli, DVD yake ya kwanza kutoka huko Japani, na ina kasoro moja kubwa: picha nzima imeingia wekundu. Nimeitazama ile ya kaka Sudi. Mawingu ya waridi, shati jeupe la waridi, nyuso za watu kama wameshinda juani. Wanunuzi wa huko walilalamika hadi wengine wakaenda mahakamani, na waliouza wakashikilia kwamba diski haina tatizo. Fikiria, filamu iliyochukua tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la Berlin 2002 na Oscar 2003, halafu Wajapani wenyewe wanaitazama nyumbani na rangi zisizo zake! Mpaka ilipotoka diski ya Blu-ray, zile zenye picha safi kuliko DVD, ya 2014 ndipo weupe ukarudi kuwa weupe. Hiyo ya 2014 ndiyo ninayoitaka.

Utaniuliza rangi tu ndiyo inanifanya niandike usiku huu? Ndiyo. Unamjua mama. Kijapani hajui, Kiingereza hajui, na nikianza kumtafsiria ananiambia ninyamaze asikie. Filamu nzima anaifuata kwa macho. Anajua mtu ameogopa kwa jinsi alivyochorwa mabega, anajua jioni imeingia kwa rangi ya ukuta. Sasa ukimpa picha ambayo asubuhi na jioni zote zina wekundu uleule, umemnyima nusu ya habari.

Kaka Sudi ananiambia nahangaika bure, kwamba pale stendi wanakujazia filamu kumi kwenye flashi kwa bei ya soda. Ni kweli wanajaza. Lakini niliyojaziwa ilikatika muziki wa mwisho ulipoanza tu, na mle ndimo yalimo majina ya waliochora. Watu wamekaa wakachora kwa mkono, mchoro kwa mchoro, miezi na miezi, halafu majina yao yanakatwa ili faili liwe dogo! Mimi nayaacha yapite yote, hata yale ya maandishi yao nisiyoweza kuyasoma. Tena diski nyingi za Ghibli za huko zina ile michoro ya penseli ya mwanzo, ya filamu nzima. Unabonyeza rimoti, sauti inaendelea vilevile, lakini unachokiona ni mistari ya penseli, mahali pengine mkono umefutwa ukachorwa upya. Hicho flashi haina.

Kuhusu deki usijali. Diski zinafungwa kwa maeneo ya dunia: Blu-ray nyingi za Japani zimefungiwa deki za eneo A na huku Afrika tumewekwa B, kwa hiyo deki la kununua madukani huku lingezikataa. Ila mimi ninalo lile alilolitoa mjomba Hamza kwenye kontena la mitumba ya Yokohama. Ni la volti 100, nalitumia na transfoma, maana ukilichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 umeliua. DVD nazo, huko ni eneo namba 2 na huku 5, deki hilohilo linazisoma. Diski za 4K, zile za picha kali zaidi, hazina ufungaji wa eneo kabisa, lakini hizo ziache, deki langu haliziwezi.

Ukiipata ya 2014, au nyingine yoyote, mwombe muuzaji akufungulie kasha. Igeuze diski chini ya taa uone mikwaruzo. Kama ni DVD, upande wa chini uwe wa fedha au dhahabu. Ukiona zambarau au bluu ujue imechomwa kwenye kompyuta ya mtu, na ndivyo alivyonifanyia yule muuzaji wa mtandaoni mwaka jana, kava zuri la kung'aa, ndani uchafu, na pesa hakurudisha mpaka leo. Halafu tazama nyuma ya kasha palipoandikwa 字幕, hapo ndipo wanapotaja maandishi ya chini. Ukiona 英語 basi Kiingereza kipo. Nyingi za Ghibli zinacho, za wengine wengi hazina. Na ule ukanda wa karatasi unaozunguka kasha, tafadhali usiutupe! Najua tabia yako ya kusafisha mizigo.

Kuna jingine, kama pesa niliyotuma itatosha. Satoshi Kon, yule mwongozaji wa katuni wa Kijapani, alifariki 2010 akiwa na miaka 46 tu, akaacha filamu nne ndefu alizozimaliza. Ninazo tatu. Imebaki Millennium Actress ya 2001, ya yule mwigizaji mzee anayesimulia maisha yake, na kila anaposimulia mtengenezaji filamu na mpiga picha wake waliokuja kumhoji wanajikuta wamo ndani ya filamu zake. Nimeitazama kwenye simu kwa Mwanahamisi na sikulala vizuri. Mama hajaiona. Nataka aione kwenye skrini kubwa, maana yule bibi... basi, utaelewa ukiitazama.

Ila ukilazimika kuchagua moja, chagua ile ya 2014. Na nakuomba tena, ile nyekundu hata wakikupunguzia usiichukue.

Sasa niambie. Tiketi umekata ya tarehe ngapi, na unapitia Doha au Addis? Mizigo wamekuruhusu kilo ngapi, au Rehema ameshakujazia begi? Zile diski unaweza kuzibeba mkononi ndani ya ndege, zisirushwe rushwe? Hapo dukani wanakubali kumwekea mtu bidhaa siku mbili tatu? Na lile jambo la profesa wako liliishaje, ameisaini ile fomu au bado anakuzungusha? Baridi imeanza? Unakula?

Nijibu kabla hujapanda treni ya kurudi Nakano.

Wako,
Zuhura