Barua kwa mwanangu: Unajilipa shilingi ngapi?

Igombe, Mwanza

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, ila mdogo wako ana kikohozi, lakini chakula anakula. Mwezi umekuwa mkubwa, mitumbwi imevutwa ufukoni na wavuvi wanashona nyavu, kwa hiyo nina siku chache za kukaa bila kunuka dagaa. Nimeona nikuandikie kwa kalamu. Kwenye simu tukianza tu tunapishana maneno, halafu mmoja wetu anasingizia salio.

Siku uliyorudi kutoka kwenye kongamano la vijana Dodoma ulikuwa umevaa fulana yenye maandishi mgongoni, na kitambulisho cha kamba shingoni ambacho hukukivua mpaka unakwenda kulala. Ulikuwa umekaa kwenye basi kutwa nzima, Singida, Sekenke, Nzega, Shinyanga, na bado ulishuka na nguvu za kusimulia hadi saa sita usiku. Kila ulichokitaja kilikuwa fursa. Dagaa fursa, mifuko fursa, hata yale magugu maji yanayotuzibia mwalo nayo fursa. Baba yako mdogo aliniuliza pembeni kama huko mlilipwa. Nikamwambia walipewa nauli na chakula. Akasema, "Basi wamelipwa," akaenda zake kulala.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nakuangalia. Tangu umalize chuo ni miaka miwili sasa, barua za kuomba kazi umeandika mpaka mwenye steshenari akawa anakukopesha bahasha, na kwa muda huo wote sikukuona ukizungumza huku umeinua kichwa. Dodoma ilikurudishia shingo. Hilo siwezi kulikataa, hata nikiwa na hasira.

Na hasira ninayo, ngoja niitoe kwanza. Mdogo wako alinionyesha ile video uliyoiweka WhatsApp. Umeshika kipaza sauti, mtu anakuuliza unatoka familia ya namna gani, nawe unajibu: "Mzazi wangu yupo kwenye mnyororo wa thamani wa mazao ya uvuvi." Nilimwambia arudie. Akarudia mara tatu. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, miguu inang'aa magamba mpaka vifundoni, nikajiuliza huo mnyororo nilifungwa lini. Najua ndivyo mlivyofundishwa kusema, na huenda ukitamka "mama anaanika dagaa" wale waliokaa mezani wanaandika alama nyingine kwenye karatasi zao. Lakini iliniuma, mama. Pale ukumbini palikuwa na mamia ya watu na hakuna hata mmoja anayenijua, kwa hiyo hukuwa unawaficha wao. Ulikuwa unajificha mwenyewe.

Basi, nimesema. Halirudiwi.

Nililotaka hasa kukuandikia ni lile la Jumapili. Unakumbuka ulivyokuja na daftari jipya, tukakaa chini ya mwembe, ukaniambia unataka kujua biashara yangu inaingiza nini. Nikakujibu kama ninavyomjibu kila mtu: inatulisha. Ukasema inatulisha siyo namba. Nikaanza kukutajia, nikidhani tutamaliza kabla chai haijapoa.

Ndoo kumi za dagaa wabichi, elfu kumi na tano kila moja: laki na nusu. Hizo nilizijua. Halafu ukaanza kuniuliza vile vitu ambavyo huwa navilipa mkono ukiwa nyuma ya mgongo. Wabeba ndoo kutoka mtumbwini. Yule binti wa kunisaidia kuanika na kugeuza. Ushuru. Magunia. Mlinzi wa usiku, maana dagaa hawalali peke yao ufukoni. Gari la kupeleka mzigo soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Ukajumlisha ukapata elfu thelathini na tano. Mimi siku zote nilikuwa naviita "vya njiani". Dagaa wabichi kilo nne hukupa kavu moja tu, kwa hiyo ndoo zote kumi zikikauka vizuri napata kilo arobaini na tano hivi, kwa elfu tano kilo. Laki mbili na elfu ishirini na tano. Ukatoa, ikabaki faida ya elfu arobaini. Nikakuambia unaona sasa.

Ukauliza: na mvua ikinyesha?

Hapo nilitaka kuinuka. Ulijua mwezi wa Aprili nilianika mara nane na mara mbili mvua ikanikuta. Uliwaona wale dagaa walivyogeuka rangi, nikawauza chakula cha kuku kwa elfu mbili kilo. Ukaandika: mara sita faida, laki mbili na arobaini. Mara mbili hasara, laki na tisini. Inabaki elfu hamsini. Ukatoa riba ya kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, elfu thelathini kwa zile laki tatu nilizokopa. Ukageuza daftari ili nione mwenyewe. Elfu ishirini. Mwezi mzima, kuamka saa kumi alfajiri, mgongo huu.

Halafu ukaniuliza lile swali: "Mama, na hapa bado hujajilipa. Huwa unajilipa shilingi ngapi?"

Nilikujibu vibaya, najua. Nilisema sikukuzaa uje unifanyie ukaguzi. Niliondoka na kikombe changu, na kesho yake ukarudi kwa shangazi yako Nyakato bila kuniamsha kuniaga.

Sasa nikuambie kilichofuata. Daftari ulilisahau juu ya kabati, au ulilisahau makusudi, wewe nakujua. Usiku nililichukua. Nilisoma mpaka darasa la saba, lakini kujumlisha najua. Nikaanza kukutafutia makosa, na nilipata moja kubwa: hesabu ya Aprili siyo hesabu ya Agosti. Kiangazi jua likiwaka siharibikiwi hata mara moja. Mara nane kwa elfu arobaini ni laki tatu na ishirini, na riba ikitoka nabaki na karibu laki tatu. Hivyo ndivyo tulivyojenga vyumba viwili, mwanangu, kwa kiangazi. Wewe ulichukua mwezi mbaya kuliko yote ukanihukumu nao. Ningekuwa mimi ndiye mwalimu wako ningekata alama.

Lakini baada ya kufurahia ushindi huo nikabaki nimekaa na kibatari. Maana kama kiangazi kinaleta laki tatu na masika elfu ishirini, masika tunakula nini? Nikahesabu kwenye vidole. Tunakula mtaji. Kila masika natafuna kile kilichoingia kiangazi, ikifika Juni nakwenda kukopa tena kikoba ili nianze. Ada yako ya chuo ilitoka humo humo. Miaka kumi na minne nafanya kazi hii na kila Juni naanza kama mgeni, nami nilidhani ndivyo maisha yalivyo, au mkono wangu hauna baraka.

Kwa hiyo hilo swali lilitoka wapi? Maana chuoni kwenu hawakukufundisha, ungeniuliza zamani. Shangazi yako ndiye aliyenieleza. Anasema wewe mwenyewe ulimwambia kuwa siku mbili zote mlikaa mkisikiliza mhamasishaji mmoja baada ya mwingine, mkapiga makofi, mkasimama mkarudia maneno kama mko kanisani, na ukaingia kwenye shindano la mawazo ya biashara hukuchaguliwa. Hukunisimulia hilo la kutochaguliwa. Kisha mkiwa kwenye foleni ya chakula ukasimama nyuma ya dada mmoja wa Singida, anayekamua mafuta ya alizeti na mume wake, mikono ina mafuta ambayo haitoki tena. Ukamweleza wazo lako la pakiti za dagaa. Akakusikiliza mpaka mkafika kwenye wali, akakuuliza: "Huyo mama yako anajilipa shilingi ngapi?" Ukakosa jibu. Mkala pamoja, akakuonyesha daftari lake.

Huyo dada ningependa kumpikia. Naambiwa alikuwa kwenye kongamano kama mshiriki tu, hakupanda jukwaani hata kidogo. Ile nauli waliyowalipia ilirudi kwenye foleni ya chakula, na sijui kama waandaaji waliiandika popote kwenye ripoti yao.

Tuje kwenye mipango yako. Nimeisoma yote, hata kurasa za nyuma za daftari lako.

Kundi lenu la WhatsApp la vijana mia mbili, naona sasa limebaki la salamu za asubuhi na watu wa kuuza virutubisho. Yule anayewataka mtume laki moja kila mmoja "mpande" na kuvuna mara tatu, usimjibu. Mimi nimewahi kupanda. Haikuota.

Mkopo wa halmashauri mlioelezwa, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, naufahamu. Hauna riba, na kwa mtu anayelipa riba ya kikoba hilo siyo jambo dogo. Nakumbuka pia ulivyosimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kukwama kwenye vikundi hewa na wasiorejesha, ukaja kurudishwa mwaka 2024. Wewe umeandika kikundi cha watu watano: wewe, rafiki yako wa Nyakato, na watatu wa kwenye kongamano, mmoja yuko Songea. Afisa maendeleo ya jamii akitaka kuwaona wote, wa Songea utamleta kwa upepo? Na siku ya marejesho utamdai nani? Hapa Igombe kuna wasichana wanaoanika tangu wako shule ya msingi. Hawana fulana za kongamano, lakini nyumba zao nazijua.

Pakiti zenye jina lako, sizikatai. Nimeuliza, na wenzangu waliopitia SIDO, wale wa viwanda vidogo, kupata barua ya kwenda TBS, wale wa viwango, wanasema njia ipo na wadogo wanasaidiwa. Ila fikiria hili. Nikianika mchangani nikatia kwenye gunia, gunia likapelekwa Dar es Salaam au Kongo, mtu akatafuna mchanga, nani atajua ni mchanga wa nani? Kwenye pakiti yenye jina na namba yako ya simu, atakupigia. Wanunuzi pale Mwaloni huchota dagaa kiganjani, wanapuliza, wanatafuna mmoja, jino likisikia chenga tu bei inashuka. Jirani yetu anayeanika juu ya vichanja, siyo mchangani, aliuza elfu sita na mia tano kilo siku ile ile niliyouza elfu tano. Nilijua miaka yote. Sikuwahi kukaa nikazidisha elfu moja na mia tano kwa kilo arobaini na tano. Juzi nimezidisha. Ni elfu sitini na saba na mia tano, kwa mwaniko mmoja, na kichanja hewa inapita chini, dagaa wanakauka upesi, na wingu likijitokeza unafunika turubai badala ya kukimbizana na mafagio mchangani.

Kwa hiyo tuanze na vichanja, pakiti zitakuja. Mgawo wa kikoba utakuwa mwisho wa mwezi, nitapata laki mbili na ushee, nazitoa zote. Mjomba wako ana nyavu chakavu za kutandika juu. Nguzo tutanunua, misumari ninayo nusu kopo. Wewe utashika daftari, na kila siku ya kazi utaandika elfu tano yangu na elfu tano yako kabla hujaandika faida, hata siku ambayo pesa hiyo haipo. Ikiwa haipo iandikwe deni. Na hesabu uifanye ya mwaka mzima, Aprili na Agosti zote, usinionee tena.

Kuna mkutano mwingine wa vijana umesema utafanyika wakati wa Nanenane, pale Nyamhongolo. Nenda. Nitakupa nauli mimi. Ukifika usikae mbele.

Mbalamwezi inapungua; wavuvi wanasema Jumatano watarudi majini. Nataka vichanja viwili viwe vimesimama kabla ya hapo, kwa hiyo njoo Jumatatu na gari la kwanza. Pitia Kirumba uniulizie bei ya turubai, lile zito la bluu, na usinunue kwa duka la kwanza. Mdogo wako anasema umletee dawa ya kikohozi isiyo chungu.

Mama yako