Gari ikishaingia yadi, fundi atalipa na nini?

Mhariri,

Naomba unipe kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni, kila nikisema niache linarudi. Ni hizi faini za paking na magari kuvutwa na brekdauni. Mimi ni fundi bomba, nina pikapu ya zamani na ndio ofisi yangu hiyo, nyuma kuna spana, mashine ya kukata uzi kwenye mabomba ya chuma, vipande vya mabomba, kila kitu. Siku hiyo nilipaki sehemu isiyoruhusiwa nikapanda ghorofani kwa mteja aliyekuwa anavujiwa na tanki, kosa ni langu sikatai. Kushuka, nakuta doa la oili tu pale chini na watu wananiambia imebebwa sasa hivi.

Faini yenyewe ningeilipa, ningeumia lakini ningeilipa. Kilichonimaliza ni yadi. Dirishani nilipewa karatasi ina mistari mitatu, faini, gharama ya kuvuta, na gharama ya kulaza gari kwa siku, na huo wa mwisho ndio unaongezeka kila kukicha hata ukiwa umelala. Nikamuomba yule dada wa dirishani basi nitoe angalau sanduku la spana nikafanye kazi nilete hela, akanijibu hapana kaka, mpaka ulipe yote kwanza, na wala simlaumu maana na yeye ameajiriwa tu. Sasa mtu umemchukulia jembe halafu unamdai mavuno, atayatoa wapi? Siku nne nilihangaika kutafuta wa kunikopesha, na siku ya nne ile gharama ya kulaza ilikuwa imeshaipita faini, na wateja wawili wakawa wamepata fundi mwingine.

Mwenye hela zake akivutiwa gari analipa jioni ile ile na usiku analala nayo nyumbani. Sisi wengine tunaanza kuchagua kati ya kodi ya nyumba na gari, tukichelewa faini inaongezewa penati, na gari ikikaa sana yadi inapigwa mnada, na wakati mwingine deni linazidi hata bei ya gari yenyewe mtu anaamua kuiacha tu huko.

Najua kuna watakaosema ukivunja sheria ulipe. Sawa, tulipe. Lakini huko Seattle, Marekani, kuna mtu wa kazi za mikono kama mimi, alikuwa anaishi ndani ya gari lake na zana zake zikiwa humo humo, mwaka 2016 wakalivuta kwa sababu limekaa sehemu moja zaidi ya saa 72. Akatakiwa alipe dola 547 kidogo kidogo, dola 50 kila mwezi, wakati kipato chake kwa mwezi ni kama dola 400 mpaka 700. Alienda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ikasema lile gari ni makazi yake na kile kiasi kimezidi mno kwa mtu wa hali yake. Na San Francisco mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikasema gari iliyopaki vizuri haivutwi bila kibali cha mahakama eti kwa sababu tu mwenyewe ana faini za zamani hajalipa. Yaani waliangalia mtu ana nini mfukoni na gari imefanya kosa gani siku hiyo, na hicho ndicho ninachokiomba.

Gari iliyoziba barabara au geti la hospitali ivutwe, hata mimi nitasaidia kusukuma. Ila mtu akishafika yadi akasema naomba nilipe kwa awamu basi ile hesabu ya kulaza isimame siku hiyo hiyo, na vifaa vya kazi, dawa, vitu vya watoto, atoe bila kulipia. Hata faini ingeweza kufuata kipato, Finland wanafanya hivyo kwa makosa makubwa ya mwendo kasi na mfumo wao upo tangu 1921. Pia iangaliwe brekdauni inalipwaje, maana anayelipwa kwa kila gari anayoivuta hawezi kupoteza muda kukupigia simu kwanza uje uitoe mwenyewe.

Mimi pikapu niliipata, ila ile mashine ya kukata uzi niliiuza ili nimalizie mkopo, sasa hivi nikiitwa kazi ya mabomba ya chuma inabidi niazime kwa mwenzangu na namgawia nusu ya malipo.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi bomba