Rangi bado inang'aa, mbona geti limetoboka? Kutu inayoanzia ndani ya bomba

"Fundi, rangi iko sawa, mbona huku chini pametoboka?" Swali hili hutujia sisi mafundi wa kuchomelea mageti hapa Mombasa kutoka Nyali, Bamburi, Shanzu, hata Tudor na Kizingo, na mwenye geti huwa ameshaamini kwamba aliuziwa chuma hafifu. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi geti limeliwa kutoka ndani ya bomba, mahali ambapo brashi ya rangi haikufika wala haitafika. Tukilikata mbele ya mteja, unga mwekundu humwagika sakafuni. Bei yetu ina kazi ambazo huzioni geti likishakamilika, na ni haki yako kujua unalipia nini.

Kwanza kutu yenyewe. Chuma kikikutana na maji yenye oksijeni, atomi zake huachilia elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, na kugeuka ayoni, yaani atomi zenye chaji, zinazoingia majini. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma mpaka sehemu nyingine, na huko oksijeni iliyomumunyika katika maji huzipokea. Kutoa na kupokea huku ndiko wanakemia hukuita redoksi, na huenda pamoja: kumoja kukikwama, kwingine nako husimama. Ayoni za chuma zikikutana na maji na oksijeni zaidi, ndipo ule unga hutokea. Nao huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichouzaa, kwa hivyo hubenua rangi, na katika nguzo hupasua hata zege lililofunika nondo.

Kwa hiyo kutu ni umeme mdogo unaohitaji njia ya kupita majini. Maji ya mvua ni njia mbovu. Maji ya chumvi ni njia nzuri mno, kwa sababu chumvi ikimumunyika hugawanyika kuwa ayoni za sodiamu na za kloraidi, na hizo hubeba chaji. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Kusi ikivuma na mawimbi kupasuka, matone madogo huruka hewani, maji yake hukauka, na chumvi hutua juu ya mageti, grili na mabati yetu. Wala haingoji mvua. Chumvi ya jikoni huvuta unyevu mpaka ikawa maji pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari huanza mapema zaidi kwa kuwa ina magnesiamu kloraidi. Usiku wa Mombasa hufika hapo bila taabu. Geti linaweza kulala na utando wa maji ya chumvi bila tone kuanguka kutoka mbinguni.

Ukipaka rangi juu ya chumvi hiyo, umeifungia ndani. Rangi hupitisha mvuke kidogo, chumvi huuvuta, malengelenge huanza. Hii ndiyo sababu tunaliosha geti kwa maji matamu kabla ya msasa na baada yake, si kwa maji ya kisima cha chumvi, na hatupaki siku linapoonekana limeloa. Tukikwambia subiri hadi kesho, tusikie.

Sasa tuingie ndani ya bomba. Chukua bomba la mraba la inchi 2, lenye urefu wa mita 2. Ndani yake mna lita 4 na nusu hivi za hewa, na kwa kuwa oksijeni ni asilimia 21 tu ya hewa, haifiki hata lita moja. Ukiliziba bomba hilo kabisa, oksijeni hiyo itakula gramu 3 hivi za chuma kisha kutu itasimama, maana hakuna tena cha kupokea elektroni. Bomba lenyewe lina zaidi ya kilo 4. Gramu 3 si kitu.

Lakini kilo moja nzima ya chuma, ili igeuke kutu, inataka gramu 430 hivi za oksijeni, na hizo zinapatikana katika zaidi ya lita 1,500 za hewa. Hewa hiyo yote lazima itoke nje. Inaingiaje?

Inaingia kupitia tundu dogo kwenye kiungo kilichochomelewa vibaya. Mchana jua likilipiga geti jeusi, chuma kinaweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi. Gesi isiyobanwa hutanuka kwa kadiri halijoto yake inavyopanda, ikipimwa kwa Kelvin, yaani Selsiasi jumlisha 273. Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alilichapisha jambo hili mwaka 1802. Kutoka nyuzi 25 za alfajiri mpaka 60, ni Kelvin 298 hadi 333, na fungu moja katika kumi la hewa ya ndani hutoka. Katika bomba letu hiyo ni karibu nusu lita. Jioni chuma kikipoa, nusu lita hurudi: hewa mpya, yenye oksijeni mpya na unyevu. Bomba linapumua kila siku.

Mvua ya ghafla wakati wa jua ni mbaya zaidi. Bomba hupoa kwa mara moja, shinikizo la ndani hushuka, na maji yaliyokaa juu ya lile tundu hufyonzwa ndani pamoja na chumvi iliyokuwa juu ya chuma. Kesho yake hewa itatoka tena, lakini maji yatabaki chini. Ndiyo maana mageti huoza miguuni kwanza, na ndiyo maana hatukubali kuchomelea kwa vidoti na kuficha nafasi kwa puti. Kila ncha tunaiziba kwa kipande cha chuma, tunachomelea mzunguko wote, kisha tunajaza hewa na kupaka maji ya sabuni kwenye viungo. Povu likitoka, tunarudia.

Geti la kuzamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa ili lipate ngozi ya kulilinda ni kinyume kabisa: hilo lazima liwe na matundu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419.5, na beseni la kuzamishia huwa kama nyuzi 450. Hewa iliyozibwa ndani ya bomba ingepanda shinikizo mara 2.4, na maji kidogo yaliyosalia yangegeuka mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara elfu tatu. Bomba linaweza kupasuka na kuwamwagia wafanyakazi zinki ya moto. Matundu hayo pia ndiyo yanayoruhusu zinki ifunike ndani, kwa hivyo usituombe tuyazibe kwa ajili ya urembo.

Kwa nyumba iliyo karibu na ufuo, ushauri wetu ni zinki ya kuzamisha, hata kama gharama inapanda. Zinki huachilia elektroni kwa urahisi kuliko chuma, hivyo geti likikwaruzwa, inayoliwa ni zinki na chuma hubaki. Stanislas Sorel alipata hataza ya njia hii huko Ufaransa mwaka 1837, na wenye boti hutumia kanuni iyo hiyo wanapofunga vipande vya zinki kwenye mashine za boti. Kwa Mikindani au Changamwe, mbali na mawimbi, kuosha vizuri na praima (rangi ya kwanza ya chini) yenye zinki nyingi kwa kawaida kunatosha.

Tafadhali usisafishe kutu kwa asidi ya choo. Huondoa kutu kweli, kisha huanza kula chuma na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka upesi, na huacha kloraidi ileile tunayoikimbia. Ikikutana na dawa ya kung'arisha nguo hutoa klorini, gesi nzito kuliko hewa inayotuama chini na kuunguza mapafu.

Kabla ya kutuita, gonga bomba la chini kwa bisibisi kutoka ncha hadi ncha. Mlio ukibadilika kuwa mzito, au ukiona mstari mwekundu unaochirizika kutoka kwenye kiungo, tupigie picha pale hasa na utuambie nyumba iko umbali gani na bahari. Mara nyingi miguu peke yake ndiyo hukatwa na kubadilishwa, na geti lililobaki hurudi kwake.